Ubeti wa Bibi Asiyetoa Moshi Mdomoni

Mimi sikuvuka darasa la tatu, kutunga uongo mrefu siwezi. Haya yalinipata mwenyewe, Toronto, majira ya baridi ya mwaka 2011, mchana kweupe.

Nilikuwa nakaa kwa binti yangu St. James Town, ghorofa ya kumi na nne. Kila siku saa tisa nilikatiza makaburi ya zamani kwenda kumchukua mjukuu wangu Neema shuleni, na chupa yangu ya chai ya tangawizi mkononi. Siku hiyo nikamkuta bibi wa Kizungu amekaa juu ya kaburi, gauni jeusi mpaka chini, koti hana. Nikajua katoroka nyumba ya wazee.

"Shikamoo, mama," nikasema. Kanizidi umri, ningemwambia nini?

"Marahaba." Akaitika kama mtu wa Tanga. Badala ya kushtuka, mimi nikagomba. "Koti lako liko wapi? Unataka kufa?"

"Hilo nilishalimaliza, mwanangu."

Ndipo nikamtazama mdomo. Baridi ile kila anayesema hutoa moshi. Yeye hakutoa. Nikimbie? Na goti hili? Nikammiminia chai.

Akaniambia alikuwa mtunga mashairi, enzi za Malkia Viktoria. Watoto wa shule walimkariri, watu wazima walimlilia. Sasa vitabu vimeoza, na maandishi ya kaburi lake yameliwa na theluji. Alibaki mzee mmoja tu mwenye ubeti wake kichwani. Akanionyesha udongo mbichi: wamemzika asubuhi ile.

"Jua likizama hakuna aliyeuchukua, hata hapa sitakuwepo."

"Mama, mimi kusoma sijui."

"Kwani nyimbo za harusi ulizisoma wapi?"

Akausema ubeti, Kiingereza kitupu, ukaniponyoka. Nikamwambia ngoja niutie sauti, nikautia ile tunayomwingizia bibi harusi ndani. Mara ya tatu ukakaa. Bibi wa watu akapiga makofi kama mtoto! Nikainama kufunga chupa, kuinuka, hayupo. Kikombe kimejaa vilevile, chai imeganda.

Njiani nikamwimbia Neema. Kiswahili anakisikia, ila hujibu Kiingereza. Siku hiyo alisimama, akanieleza maana yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: mama anashona kifungo cha koti la mtoto anayesafiri, anashona polepole makusudi, asiondoke upesi. Mimi niliyemfungia mama yake mizigo ya kuja huku, nikajifuta pua.

Siku hizi nasahau hata majina ya wakwe zangu. Ubeti ule haunitoki, nikiosha vyombo upo, nikisali upo.

Basi nawaonya. Mzee akikwambia shika neno langu, usiitikie kwa adabu tu. Ukilishika umelishika, na kufa kwa raha hakuna mpaka umpate wa kumwachia. Mimi nimempata Neema. Maneno anayajua yote.

Lakini sauti bado anaikosea, kwa hiyo siendi popote.