Mkuyu Mkavu wa Mumbi

Nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, huko Hanang upande wa Mogitu, baba yangu aliendesha katapila kwenye shamba kubwa la ngano la serikali. Nilimwonea fahari. Ovaroli yake ilinuka dizeli, na wenzangu walikuja nyumbani kuinusa tu.

Pembeni mwa shamba ulisimama mkuyu uliokufa zamani, mkavu, wenye pango kubwa. Humo walizalia mumbi, wale ndege wakubwa weusi wenye koo jekundu, wanaotembea ardhini taratibu kama wazee. Kwetu iliaminika kwamba mumbi ndiye anayeita mvua. Hakuna aliyekata kuni pale, hata kuni zilipokuwa shida.

Meneja wa shamba alitaka lote liwe jeupe, lisibaki na mti hata mmoja. Mti mkavu, alisema, ni uchafu. Jioni baba alipotuambia kwamba ameamriwa kuuangusha, bibi, mama yake mzazi, aliweka chini kibuyu cha maziwa.

"Mwanangu, mti umekufa, lakini waliomo hawajafa."

"Mama, nikikataa ataletwa mwingine. Mti utaanguka tu."

"Basi aje huyo mwingine. Usiwe wewe."

Kesho yake, tukitoka shule, tulisimama kutazama. Mkuyu ulianguka kirahisi, kama kitu kilichochoka. Kwenye pango lililopasuka mlikuwa na kifaranga. Baba alizima mashine, akashuka, akakishika kwa mikono miwili. Msimamizi akampigia kelele. Baba akakiweka kwenye nyasi, akapanda tena. Magogo yakasukumwa pamoja na kuchomwa moto.

Msimu ule mvua haikunyesha. Mahindi yetu yalikauka, na ngano yao pia. Hakuna aliyekwenda kwa meneja kulalamika. Baba alipowaamkia wazee shikamoo, walitazama pembeni. Palipokuwa na kazi ya pamoja, hakuitwa. Aliyeumia kuliko wote ni bibi, maana maneno yake ya jioni ile yalikwisha kuenea kijijini, na ndiyo yaliyotumika kumhukumu mwanawe.

"Nilisema ili kumlinda," aliwaambia wazee akilia. "Sikusema ili mumtupe."

Hawakumsikia. Mvua zilirudi baadaye, lakini watu hawakurudi. Baba alipofariki, kaburi tulilichimba wenyewe, ndugu wa nyumba moja.

Siku hizi wataalamu wa misitu huja kutufundisha kwamba miti iliyokufa iachwe isimame, ndege na nyuki wapate makao. Majirani hupiga makofi. Mimi sipigi. Kama mumbi huleta mvua, sijui. Ninachojua ni kwamba waliondoka kwa kukosa pa kuzalia, na kwamba aliyetoa amri alihamishiwa kwingine bila kulaumiwa na mtu. Jina lake wengi hawakulijua hata siku moja. Baba walimjua, na mlango wetu waliujua, basi uchungu wote wakauleta kwetu.