Friedlinde Anataka Gia ya Mkono

Dada yangu Friedlinde ameendesha basi kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyewahi kuanguka ndani ya basi lake. Naanza na hilo kwa sababu wauza magari wawili nitakaosimulia habari zao hapa hawakumuuliza hata mara moja anafanya kazi gani. Wangemuuliza, tusingefika tulipofika.

Njia yake ni ile inayopanda kutoka Neuffen kwenda Hülben, kona juu ya kona, msitu huku na huku. Basi likishajaa wanafunzi na vikongwe waliosimama, dereva hana nafasi ya kufurahia chochote. Anashika breki mapema, anakata kona taratibu, anatupa jicho kwenye kioo kuona kama kuna aliyeyumba. Na magari ya spoti yanampita yakinguruma kutwa nzima, yeye anayatazama yakipotea kwenye kona ya juu. Siku moja tukimenya viazi jikoni kwangu akaniambia, "Almut, kabla sijastaafu nataka nipande pale na gari la maana, bila hata mtu mmoja aliyesimama nyuma yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Pesa alikuwa nazo, za jasho lake mwenyewe, na hapo hapakuwa na mjadala. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

Baada ya miezi ya kusoma na kuulizia alibakiwa na magari mawili, yote yametumika kidogo tu. La kijivu liliundwa hapa kwetu Stuttgart: injini nyuma, pedali tatu, gia ya mkono. La kijani lilitoka Munich: injini mbele, otomatiki, nguvu zaidi, na viti vya nyuma ambavyo mtu mzima anaweza kukaa akabaki mtu mzima. Ukiyalinganisha kwenye karatasi, la kijani lilikuwa linaongoza. Lakini basi lake nalo ni otomatiki, na mguu wake wa kushoto haujafanya kazi siku nyingi. Tena daktari alikwishamwambia kwamba nyonga yake ya kushoto imechakaa, na baada ya miaka miwili mitatu itabidi waibadilishe. "Kwa hiyo kama ni klachi," akasema, "niikanyage sasa."

Jumapili maduka ya magari kwetu huacha milango wazi, ila muuzaji haruhusiwi kufanya biashara. Unaingia, unatazama, unakaa ndani ya gari, unaondoka. Friedlinde alizipenda Jumapili hizo. Mara tatu nilimsindikiza. Alikaa kwenye lile la kijivu, akafumba macho, akasogeza gia kutoka ya kwanza hadi ya sita na kurudi, huku mimi nimesimama nje kama mlinzi. Hakuna aliyemsumbua. Taabu ilianza siku za kazi, yaani siku ambazo wauzaji wanaruhusiwa kufungua midomo.

Hapa lazima nimlete shemeji yangu Volkmar, mume wa Friedlinde. Volkmar alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, sasa amestaafu. Hana leseni ya kuendesha, hajawahi kuwa nayo, na akikaa kwenye gari zaidi ya nusu saa anageuka rangi. Yeye na treni, treni na yeye. Tulimchukua kwa sababu anapenda kupanga makaratasi, na Friedlinde alitaka mtu wa kushika faili. Ni mtu mpole. Mpaka mwaka huu sikuwa na neno naye.

Duka la kwanza lilikuwa la Bwana Riedinger, pale Nürtingen, ndiko lilikokuwa la kijivu. Riedinger alitupita mimi na dada yangu akiwa amenyoosha mkono, mkono ukaenda kutua kwa Volkmar.

"Karibu sana, bwana! Una jicho, bwana. Hili gari si la kila mtu."

"Mimi siendeshi," Volkmar akasema. "Ni la huyu mke wangu."

"Ahaa! Mama ndiye atakayetuchagulia rangi!" Akacheka peke yake, kisha akamkabidhi Volkmar ufunguo.

Haki yake nampa: siku hiyo Volkmar aliupokea ule ufunguo na palepale akamtia mkewe mkononi. Riedinger akakunja uso, akasema basi yeye atakaa pembeni ya dereva, kwa usalama. Volkmar akabaki na kahawa yake. Mimi nikasukumwa kiti cha nyuma, ambacho si kiti, ni rafu. Magoti yangu yalikuwa karibu na kidevu, na nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipomsikia Riedinger akimfundisha kazi mtu mwenye miaka thelathini na moja barabarani.

"Taratibu, mama. Hili lina hasira. Mama, kona hiyo! Klachi, mama, klachi ni pedali ya kushoto."

Tulipofika mwanzo wa mlima Friedlinde alishusha gia moja, injini ikalia nyuma ya mgongo wangu, na tukapanda. Kona ya kwanza Riedinger alikuwa bado anaongea. Kona ya tatu alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Kwenye ile kona kali ya juu, ambapo basi hulazimika kutambaa, dada yangu alipita kwa mstari mmoja safi, wala kichwa changu hakikugusa kioo.

"Umeyumba, Bwana Riedinger?" akamuuliza.

"Mimi? Hapana."

"Basi vizuri."

Juu kabisa alisimamisha gari, akatoka, akasimama kando ya barabara. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile tangu tukiwa wasichana. Nilitaka kulia, na ningelia kama miguu yangu isingekuwa imekufa ganzi.

Tuliporudi, Riedinger alimwendea moja kwa moja Volkmar aliyekuwa anakung'uta makombo ya mkate.

"Haya bwana, umelionaje?"

Umelionaje! Mtu aliyekaa saa nzima anakunywa kahawa! Nilimwambia Riedinger maneno mawili matatu ambayo sitayaandika hapa, dada akanivuta mkono. "Almut, acha. Nataka gari, sitaki ugomvi." Riedinger akaahidi kulishikilia la kijivu hadi Ijumaa. Kwenye fomu, penye jina la mteja, aliandika jina la Volkmar na simu ya nyumbani. Friedlinde aliona, akachoka hata kumsahihisha. Na mimi niliona, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake tukaenda Reutlingen, kwa Bwana Kolb, kuliona la kijani. Safari hii Volkmar hakuja mikono mitupu. Usilolitarajia ni kwamba alikuwa amelisoma gazeti zima la magari, maana yale ya jana yalimwaibisha: aliulizwa swali akakosa jibu mbele ya watu. Kwa hiyo Kolb alipompa mkono, shemeji yangu akakohoa kidogo, akauliza kuhusu breki.

"Naona bwana ni mtaalamu," Kolb akasema.

Shingo ya Volkmar ikarefuka. Wallahi niliiona ikirefuka. Akauliza kuhusu matairi, akauliza kutoka kusimama hadi kilomita mia ni sekunde ngapi, akatikisa kichwa kana kwamba sekunde hizo anazifahamu mwilini. Ufunguo alipewa, na safari hii aliutia mfukoni. Dakika kumi nzima wanaume wawili wakazungumza juu ya boneti iliyofunguliwa, mmoja hana leseni, mwingine hajui anamuuzia nani. Dada yangu alisimama kando na mkoba wake, mtu angedhani amekuja kuwabebea mizigo.

"Shemeji," nikamwambia, "ufunguo."

"Ngoja kidogo, Almut, tunazungumza mambo ya msingi."

Friedlinde akaingiza mkono mfukoni mwa mumewe, akautoa mwenyewe.

Gari la kijani lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Lilipaa kwenye mlima ule, na mimi nyuma nilikaa kwa heshima zangu. Aliporudi kwenye usukani wa gari letu la kawaida Friedlinde alisema, "Halina kasoro. Linajua kila kitu. Mimi pale nilikuwa mgeni tu." Jioni, mbele ya bakuli la supu ya maultasche, vile vifuko vya unga vyenye nyama, akamaliza: "Nachukua la kijivu. Alhamisi fundi wangu atakwenda kulikagua chini, Ijumaa nalilipia." Volkmar alikuwa palepale mezani. Alisikia. Akasema tu supu inahitaji chumvi.

Alhamisi saa nne asubuhi dada yangu aliingia kwenye duka la mikate ninakofanya kazi, bado na sare yake ya udereva. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Hakuipanga.

"Limeuzwa," akasema.

"Nini?"

"La kijivu. Fundi amefika, hakulikuta. Nimempigia Riedinger, ananiambia lilichukuliwa jana, na daktari wa meno kutoka Ulm." Akashika ukingo wa kaunta. "Anasema Jumanne alipiga simu nyumbani kuuliza kama bado tunalitaka. Mume wangu akamjibu tumeamua kuchukua otomatiki, yeye aliuze tu."

Nilivua aproni. Mwenye duka akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kuua. Alinijua, akanipisha.

Friedlinde alimaliza zamu yake kwanza, maana abiria hawana kosa, na saa tisa tukawa jikoni kwao. Volkmar alikuwa ametandaza makaratasi ya la kijani mezani, amepiga mistari kwa rula, safu mbili, na kila mahali gari moja lilipolishinda jingine ametia alama. La kijani alama kumi na tisa, la kijivu nane. Alipotuona akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

"Umemwambia Riedinger auze?" Friedlinde akauliza.

"Linde, sikia kwanza. Hiyo nyonga yako. Klachi na nyonga hiyo, mwaka mmoja tu utakuwa hospitali. Nilikuwa nakuhurumia."

"Nilikuomba huruma?"

"Hukuniomba, lakini..."

"Niliomba gari, Volkmar. Na nilikuomba ushike faili."

"Lakini tazama mwenyewe! Kumi na tisa kwa nane! Hata Kolb, nilipompigia kusema tunalichukua, amesema mtu anayeelewa magari hawezi..."

"Kolb amemwambia nani?" nikaingilia. "Anayeelewa magari ni nani hapa, shemeji? Wewe unayetapika kabla ya kufika Metzingen?"

"Almut, hili ni la nyumbani kwetu."

"Mwache aseme," Friedlinde akasema. "Angalau yeye alikuwepo ndani ya gari."

Volkmar akakaa chini. Uso ulikuwa umempauka. Akaanza kwa sauti ndogo kueleza kwamba maishani mwake hajawahi kuingia mahali pa magari mtu akamwita mtaalamu. Kwamba vijana walipokuwa wanaongea magari, yeye alikuwa anatoka nje. Kwamba mara hii aliulizwa, na alikuwa na jibu. Nikamwonea huruma kidogo, nikajichukia kwa kumwonea huruma. Jibu alilotoa lilikuwa la mwenzake.

Friedlinde alikuwa bado amesimama, mkono kwenye nyonga, upande ule ule wa kushoto. "Siku moja sitaweza kukanyaga klachi," akasema. "Najua. Mimi ndiye niliyekaa kwa daktari, si wewe. Ndiyo maana nililitaka sasa."

Simu ikalia. Ilikuwa ile ya nyumbani, juu ya kabati. Volkmar akamtazama mkewe. Mkewe hakusogea.

"Pokea," akamwambia. "Si wewe ndiye msemaji wetu?"

Akapokea. Sauti ya Kolb ilikuwa kubwa, tulimsikia sote: karatasi zipo tayari, bwana aje tu kutia sahihi, gari limeoshwa.

"Bwana Kolb," Volkmar akasema. "Bwana Kolb, mimi siwezi kutia sahihi. Pesa si zangu."

Kolb akacheka, akadhani ni utani.

"Na leseni sina. Sijawahi kuendesha gari. Yale ya breki niliyasoma gazetini." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Dereva ni mke wangu."

Halafu Kolb, taratibu, kwa mara ya kwanza katika biashara hii yote, akauliza swali lenyewe: "Sasa mama anasemaje?"

Volkmar akatazama safu zake mbili pale mezani.

"Sijui," akasema. "Sikumuuliza."

Friedlinde akavuka jikoni, akamtoa simu mkononi. "Bwana Kolb, dereva anaongea. La kijani silichukui. Ukipata lenye pedali tatu, liwe lako au la mwenzako, nipigie mimi, na habari za nyonga yangu niachie mwenyewe." Akamtajia namba yake, tarakimu moja moja, akamlazimisha airudie mpaka mwisho.