Waliobaki Katikati ya Meza

Mtaa mzima ulimwita Fundi Meno, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Ukimwona mzee anacheka barabarani kwa kujiamini, basi huenda kicheko hicho kimetoka kwenye kile chumba chake kinachonuka plasta. Nayo plasta iliyobaki haikutupwa. Aliimimina kwenye vikalibu vidogo, ikikauka wanatoka askari wa zama za kale, urefu wa kidole gumba, kila mmoja na ngao na mkuki wake.

Rangi za kuwapaka zililetwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye aliuza rangi dukani. Kila Jumapili mchana wawili hao walipigana vita mezani, kwa dadu na kitabu cha kanuni, wakitaniana mpaka majirani wakadhani wamegombana.

"Jeshi lako lina meno kuliko akili, shemeji."

"Na lako linakimbia hata rangi haijakauka!"

Kisha mtoto wa shemeji, aliyekuwa jeshini kwelikweli, akafa vitani. Kikosi chake kilizingirwa. Alikuja afisa, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema iliisha mara moja tu, kijana hakuteseka. Mama yake akaing'ang'ania kauli ile kama aliyetumbukia kisimani na kuona kamba. Baba akaacha kwenda dukani, akawa wa kukaa na kutazama ukuta. Meza ya Fundi ikajaa vumbi.

Fundi alimtaka mtu wake arudi. Akawaza, nitamwita kwa kitu gani? Akakumbuka vita kubwa waliyokuwa wakiahidiana miaka yote, ile ya kale ambamo jeshi kubwa lilimezwa na dogo. Akakaa chini kuitengenezea kanuni, na hapo ndipo alipokosea, maana mtu akizama kwenye kazi anayoipenda hachelewi kuwa kipofu.

Kanuni zao zilikuwa za mapigano madogo. Askari mmoja wa plasta alisimama badala ya watu ishirini, na kwa hesabu hiyo, hata watu wote mjini wangekuwa vibogoyo, plasta isingetosha. Akaamua mmoja awe watu elfu. Hilo likaisha. La pili lilikuwa gumu: kitabu kilisema kikosi kikizingirwa pande zote, kinaondolewa mezani mara moja. Kwa kanuni hiyo vita nzima ingekwisha kwa mrusho mmoja wa dadu. Akaifuta, akaweka yake: wanaopigana ni wa pembeni tu. Wa ndani wasimame, wangoje zamu.

Akafurahi nayo kama mtoto. Akatuma salamu.

Shemeji akaja, amekonda, shati limemning'inia. "Nipe lile jeshi kubwa," akasema.

Wakacheza. Katikati ya jeshi la Fundi pakabonyea kama gunia, jeshi kubwa likaingia kwa pupa, vikosi vya Fundi vya ubavuni vikafunga nyuma yao. Ndipo Fundi akaona alichokitengeneza.

"Kanuni si ilikuwa wanaondolewa mara moja?" shemeji akauliza.

"Nimeibadilisha."

"Kwa nini?"

"Haikuwa kweli, shemeji. Watu wengi namna hii hawawezi kufa mara..." Akauma ulimi. Maneno yalishatoka.

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Tuache, ndugu yangu. Nichemshe chai."

"Rusha dadu."

Akarusha. Shemeji akawa anawatoa askari wake wa pembeni, mmoja, na mwingine, anawalaza kando taratibu. "Hawa wa katikati, wanaona kinachokuja?"

"Hawaoni. Wanasikia tu."

Fundi hakuweza kuvumilia tena. Akasogeza askari wake mmoja, akaacha upenyo, kama vile amemgonga kwa kiwiko bila kukusudia. Shemeji akamchukua askari yule, akamrudisha palepale.

"Usinidanganye na wewe," akasema, bila hasira.

Wakaendelea. Walikuwa wamebaki wachache, wamebanana mgongo kwa mgongo, dada mtu alipofika kumchukua mumewe. Akasimama mlangoni. Ilikuwa siku nyingi hajawaona pale mezani, akamtazama mumewe, akajaribu kutabasamu.

"Mbona wako wamepukutika hivi, baba? Wamefanywa nini?"

Fundi akainamia sakafu. Shemeji akakusanya wote waliosalia kwa mkupuo mmoja, akawafumba kiganjani.

"Walizingirwa," akasema.

"Ikawaje?"

"Iliisha mara moja, mama."

"Afadhali," dada akasema, akamshika mkono ule uliokuwa mtupu.

Wakatoka. Fundi akabaki na jeshi lake lililoshinda, limesimama duara, mikuki yote imeelekezwa ndani, kwenye ubao mtupu.