Siku Mama Alipokaguliwa Umaskini

Karatasi tuliyoitafuta iliitwa attestation d'indigence, na ilitolewa na komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Ilithibitisha kwamba familia haina kitu kabisa, na aliyekuwa nayo alipasuliwa hospitalini bila kutanguliza malipo. Baba aliihitaji. Tangu kampuni ya migodi iliyomwajiri iache kulipa mishahara, alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa kutoka upande wa Kambove, mpaka ngiri ikashuka na kukataa kurudi. Daktari alisema apasuliwe wiki ileile, kwani utumbo ukijinyonga atakufa.

Lakini kabla ya kuandika, komini ilimtuma mtu aje kuiona nyumba. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Zamani, kampuni ilipokuwa kampuni, akina mama wa shughuli za jamii waliingia katika nyumba za kambi ya wafanyakazi wakikagua. Waliinama kuangalia chini ya kitanda, walipitisha kidole juu ya kabati. Mwenye nyumba safi kuliko zote alipewa sufuria mpya. Mama alishinda mara mbili. Basi aliposikia kwamba mtu anakuja kukagua, mikono yake ilijua kazi moja tu.

Alisugua sakafu tangu alfajiri, akaing'arisha kwa mabaki ya mshumaa. Akaazima kwa jirani viti viwili, kitambaa cha meza na chupa ya chai. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuweza kutulia. Niliingia, nikatoka, nikaingia tena.

"Mama, anakuja kuangalia umasikini, haiko busafi!"

"Nani alikuambia masikini njo muchafu?" alisema bila kuinua kichwa. "Toka, unakanyaga."

Kisha akamvika Baba shati jeupe na kumkalisha sebuleni. Jasho lilimtiririka Baba hadi shingoni, lakini alikaa wima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Nilitamani kuwapigia kelele wote wawili.

Bwana wa komini alifika saa nne. Alikuwa mwembamba, na viatu vyake vilikuwa na viraka. Nadhani hata yeye hakulipwa. Mama alimmiminia chai na kumtilia sukari yetu yote, vijiko viwili.

"Muzee, unaumwa sana?" yule bwana alimwuliza Baba.

"Kidogo tu, tata," Baba alimjibu kwa heshima. "Niko muzuri."

Muzuri! Baba, aliyekuwa amelia asubuhi ile akivaa suruali! Niliuma kidole. Yule bwana akatazama sakafu inayong'aa, akatazama kitambaa cha meza, kisha akanigeukia mimi.

"Na weye, jana mulikula nini?"

Mama alinitazama. Kwetu, kumtajia mtu wa nje njaa ya nyumbani kulikuwa kubaya kuliko kuiba. Mimi niliyekuwa nimewaona wajinga tangu asubuhi, mdomo wangu ukajisemea wenyewe.

"Bukari na samaki," nilisema, kana kwamba nyumbani kulikuwa na unga wa ugali.

Bwana akaandika, akashukuru kwa chai, akaondoka. Mama akakusanya vikombe, ameridhika kabisa. Baba akarudi chumbani akishika ukuta. Nilizunguka ua mara tatu, halafu nikamkimbilia yule bwana. Nilimkuta njiani akielekea kambi ya pili.

"Tata, nilisema bongo, nilidanganya. Tangu jana hatuyakula."

Akanionyesha daftari lake. "Nimeisha kuandika. Kama njo kweli, uiseme mbele ya mama yako."

Tuliporudi, jirani alikuwa mlangoni amekuja kuchukua viti vyake. Ningependa kusema nilimsubiri aondoke, lakini nilijua nikisubiri sitasema tena. Nikasema yote mbele yake: viti si vyetu, kitambaa si chetu, sukari ile ilikuwa ya mwisho, na jana tulikunywa maji tu tukalala. Mama alikuwa ameshika kiti kimoja, akabaki amekishika. Jirani alitazama chini. Kutoka chumbani Baba aliguna, mguno mrefu ambao safari hii hakuweza kuumeza. Bwana wa komini akachana ukurasa wake na kuanza upya.

Mama hakunisemesha siku mbili. Alinipitia kando, akawatuma wadogo zangu kuniita. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na haya, na sikujua ni kipi kilichozidi.

Siku ya tatu komini ilitupa karatasi, tukampeleka Baba hospitalini kwa mkokoteni. Korido ilijaa watu wa kambi yetu, wale wale waliomwona Mama akibeba sufuria zake za ushindi. Karani alitoka na karatasi yetu mkononi, hakujisumbua kutafuta jina.

"Famille indigente! Iko wapi?"

Familia fukara: ndilo jina alilotuita. Vichwa vikaanza kugeuka. Nikainuka haraka ili niitike mimi, nimwondolee angalau hilo. Mama alinivuta gauni, nikaketi. Akasimama yeye, akakaza kikwembe chake kiunoni, na kusema kwa sauti iliyofika mwisho wa korido:

"Ni shiye. Bwana yangu njo huyu hapa. Mumupasule leo."

Wakaleta machela.