Salamu za Mjomba Nilizozikalia

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Alhamisi, na naikumbuka kuanzia asubuhi yake. Nilikuwa nimesimama kwenye geti la chuo chetu cha ualimu hapa Morogoro, nina uji tumboni na fainali kichwani. Kijana mwenye fainali kichwani hana nafasi ya kitu kingine, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Nianze nyuma kidogo ili tuende pamoja. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu baada ya muda mrefu wa kupanga foleni ya sabuni. Mitumba ilikuwa imeingia kwa wingi, na kwa mara ya kwanza timu ya chuo chetu ikacheza mechi zote na viatu miguuni. Viatu vyenyewe havikulingana. Beki wetu wa kulia alikuwa na kimoja chekundu na kimoja cheusi, na akikuchezea rafu ulijua ni kipi kimekupiga. Kipa wetu, Shomari, alidaka kwa glavu za sufu, zile wanazovaa watu wa nchi za baridi, alizozichambua sokoni chini ya rundo la makoti. Tulimcheka wiki nzima, kisha akaanza kudaka na sisi tukanyamaza.

Mimi nilikuwa nahodha. Nilitoka Njombe, mwaka wa mwisho, mbishi, na nilijiona najua mambo ya watu kuliko nilivyoyajua. Shomari alikuwa Mluguru wa huku huku mlimani, mpole, mtu wa kuswali na kusoma. Tulilala chumba kimoja. Kama ungeniuliza wakati ule rafiki yangu ni nani, ningekutajia yeye kabla hujamaliza kuuliza.

Tulikuwa tunashindania kombe la vyuo vya kanda, na chuo chetu kilikuwa hakijawahi kulishika hata kwa kuazima. Mwaka ule tulianza vibaya. Tulifungwa mechi ya kwanza, tukatoka sare ya pili. Mwalimu wetu wa jiografia, ndiye aliyekuwa kocha, akatupeleka Kingolwira na Dumila kucheza mechi za kirafiki tupate moyo. Dumila tulicheza siku ya soko, watazamaji wana vitunguu mikononi, na kila tulipokosa bao walituuliza kama walimu wanalipwa kwa kukosa. Tulirudi tumechoka na tumecheka. Tangu hapo hatukufungwa tena, na ukweli ni kwamba aliyetuokoa ni Shomari. Sisi mbele tulikuwa wa kawaida tu. Kipa wa akiba alikuwa kijana mmoja mwema tuliyemwita Geti, na hatukumwita hivyo kwa sababu alikuwa anafunga.

Sasa rudi nami kwenye lile geti la Alhamisi. Akaja mama mmoja, kapu la karoti kichwani, ameshuka na gari la kwanza la mlimani kuuza mboga. Nilimfahamu, alikuwa jirani yao Shomari, Mama Zuhura.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Shomari yuko wapi?"

Shomari alikuwa shule ya msingi ya Bigwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na mama yule asingeweza kuacha karoti zake zinyauke akimfuata huko. Akanitazama, akaona jezi niliyovaa, akaona huyu ndiye nahodha anayetajwa kila siku.

"Basi mwambie mjomba wake anamwita. Aje leo, na gari la saa saba. Asingoje kesho."

"Kwani anaumwa?"

"Anaumwa. Ila si kuumwa tu, ana maneno ya kumkabidhi. Utamwambia, baba?"

Nikasema nitamwambia. Akanishukuru, akaenda zake sokoni.

Nikabaki pale nikipima. Mwanangu, ngoja nikwambie nilichokuwa napimia. Kwetu Njombe mjomba ni mtu wa kuja na kuku wakati wa sherehe, anakutania, anakupa soda, anaondoka. Mwenye mtoto ni baba. Baba yake Shomari nilijua ni mzima, nilikuwa nimemwona wiki ile ile akinunua misumari. Nikajiambia, kama baba ni mzima, mjomba anaweza kungoja siku mbili. Fainali ilikuwa Jumamosi. Nitamwambia Jumamosi, filimbi ikishalia, tena nitamsindikiza mwenyewe. Niliona nimepata jawabu zuri, lisilomuumiza mtu.

Mchana tukakutana kwenye bwalo. Shomari akaniuliza, huku anachambua mawe kwenye wali wake, "Leo watu wa kwetu wameshuka sokoni. Hukuona mtu?"

Nilikuwa na nafasi ya kujiokoa hapo. Saa saba ilikuwa haijafika. Nikamwambia, "Sikuona mtu."

Ijumaa tulifanya mazoezi mepesi. Nilimwangalia akiruka na zile glavu zake, na kila alipodaka nilijisikia nimefanya sawa. Aliporudi chumbani akaimba kidogo, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, nikageukia ukutani. Nadhani moyo wangu ulishajua, mimi ndiye niliyekuwa sitaki kuujibu.

Jumamosi saa kumi tukaingia uwanjani. Sikuchoshi na mchezo wenyewe. Tulipata bao moja la bahati, mpira wa kona uliompiga mtu mgongoni ukaingia. Kisha zikabaki dakika chache, beki wetu wa kiatu chekundu akamwangusha mtu ndani ya boksi, ikawa penalti. Shomari akaidaka. Hakuipangua, aliidaka na kuikumbatia, akabaki ameilalia mpaka mwamuzi alipomwambia ainuke. Tukambeba mabegani. Mkuu wa chuo alicheza ngoma mbele ya wanafunzi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nililia kwa furaha, sikatai.

Nikamwita Shomari kando, nyuma ya majukwaa. Nikamwambia Mama Zuhura alikuja, mjomba anaumwa, anamwita. Nilisema haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za kawaida.

Akavua glavu. "Alikuja lini?"

"Alhamisi."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Nilimwona akihesabu. Gari la saa saba, Alhamisi alasiri angekuwa nyumbani. Akakaa chini kwenye nyasi na jezi yake, watu wanamwita kwa shangwe upande wa pili, na yeye hawasikii. Nilitamani anipige. Magari ya mlimani yalikuwa yamekwisha kuondoka, ikabidi tungoje kupambazuke.

Jumapili tukapanda na gari la kwanza, kisha tukamalizia kwa miguu kwenye njia ya mashamba ya maharage. Shomari alikuwa mbele, mimi nyuma. Tulipokaribia tukaona watu wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, tukaelewa kabla hatujaambiwa. Mjomba alikuwa amefariki Jumamosi alfajiri. Walimzika adhuhuri, wakati sisi tunakula wali na kupangana namba za kucheza.

Watu wakampokea Shomari kwa mkono, lakini niliona macho yao. Walidhani aliitwa akakataa, kwamba amechagua mpira. Wajomba wengine wakamuuliza kwa upole, kijana, ulizuiwa na nini? Akainamisha kichwa. Hakunitaja. Alikuwa tayari kubeba lile jina baya mbele ya ukoo wake wote ili mimi mgeni nisiaibike kwenye msiba. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kukueleza. Mwishowe nikasimama, miguu inatetemeka, nikasema, "Salamu nilipewa mimi. Sikumfikishia. Yeye hakujua."

Nilingoja matusi, na hayakuja. Bibi yake Shomari, ambaye ndiye mama wa marehemu, akaniita ndani. Alikuwa mdogo wa umbo, amefunga kaniki, macho yake yamevimba. Akanimiminia maji ninawe mikono, akaniwekea ndizi na maharage, akakaa mbele yangu.

"Kula," akasema. Nikala tonge moja.

"Mlishinda?"

"Tulishinda, bibi."

"Mabao mangapi?"

"Moja."

Akatikisa kichwa taratibu, bila kejeli. Nadhani alitaka kweli kujua ni kitu cha ukubwa gani kilichomchelewesha mjukuu wake.

"Kwenu mjomba ni nani?"

"Ni kaka wa mama tu, bibi."

"Na hapa kwetu ulimuuliza nani?"

Akanieleza kama mtu anavyomfundisha mtoto kufunga kamba. Kwao mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo, lukolo kama wanavyouita wenyewe, unapita kwa akina mama, na jina la mjomba na ulinzi wa ardhi ya ukoo huenda kwa mpwa wake. Marehemu alikuwa amemchagua Shomari tangu mdogo. Kulikuwa na majina ya waliotangulia ya kutajiwa kwa mpangilio wake, mipaka ya kuonyeshwa kwa maneno, na mambo mengine ambayo yeye bibi mwenyewe hakuyajua, maana hayakuwa yake.

"Alhamisi aliuliza mara nyingi, Shomari amefika? Tukamwambia anakuja. Wenzake walikuwepo hapa, wapwa wengine, tukamwambia basi waambie hawa. Akasema haya ni ya Shomari. Ijumaa asubuhi akauliza tena." Akakunja ncha ya kaniki. "Ijumaa jioni akaacha kuuliza."

Kisha akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo. "Mwanangu, hukuua mtu. Mungu ndiye aliyemchukua. Lakini ulipewa kitu cha watu ukakifungua, ukakipima kwa kipimo cha kwenu, ukaona ni chepesi. Maliza chakula chako."

Nikamaliza chakula changu, kwa sababu aliniambia nimalize.

Shomari alipewa jina la mjomba wake siku ya arobaini. Tulihitimu, tukapangiwa vituo, yeye akarudi mlimani kufundisha, mimi nikazungushwa mikoani na mwishowe nikajenga hapa Bigwa. Hakuniacha. Aliniletea fenesi nilipooa, akaja kunizikia mama yangu mpaka Njombe. Wala hakuwahi kunilaumu, si kwa mdomo wala kwa jicho.

Lakini mwaka mmoja nilipanda kumtembelea, nikamkuta kwenye kikao cha ukoo. Vijana wawili waligombania kipande cha shamba kando ya kijito, na wazee walikuwa wamemgeukia yeye, mwenye jina, awaambie mpaka wa zamani ulipita wapi. Shomari akafikiri kwa muda, mvi kichwani, akasema, "Hilo sikuambiwa." Wakauliza jingine, juu ya nani alimpa nani ruhusa ya kulima pale. Akasema tena, "Hilo nalo sikuambiwa." Alisema bila hasira, na hakuangalia upande niliokaa. Vijana wale waliondoka hawajapatana. Nikajua kwamba amekuwa akisema maneno yale mbele za watu miaka yote, na atayasema mpaka atakapozikwa, na kila atakapoyasema mimi ndimi niliyemwekea mdomoni.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipewa habari ya mtu, mfikishie saa ile ile, iwe nzito, iwe nyepesi, iwe siku ya mtihani wake au ya harusi yake. Usimchagulie mwenzako wakati wa kuhuzunika. Usiseme unamhurumia, chunguza vizuri, mara nyingi unajihurumia mwenyewe na kombe lako. Na ukikaa na watu wa mila nyingine, usidhani unawajua kwa kuwa mnakula sahani moja. Uliza. Mimi nililala chumba kimoja na Shomari miaka miwili na sikuwahi kumuuliza kwao mtoto ni wa nani.

Na ukikosea, maana utakosea, simama useme ni mimi, tena usingoje mpaka miguu itetemeke kama nilivyongoja mimi.

Mungu akujalie kufika kwa wakati kwa wote wanaokuita. Akupe rafiki wa kukusitiri, na akupe moyo wa kutomwachia abebe peke yake. Wazee wako wawe na pumzi ya kukumalizia maneno yao yote, na wewe uwe umekaa karibu nao, unawasikiliza.