Karatasi za Fundi Milimita

Baba mkwe wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Milimita, maana miaka arobaini hajamkosea mtu kipimo. Kwa nguo za watu, makini kupindukia. Kwa mambo yake mwenyewe, ah, mganga hajigangi! Suruali yake ina kifungo kimoja, na hati zake huzitupa popote.

Mimi ni mjane wa mwanawe mdogo. Mume wangu alipofariki, mtoto sina, nilianza kufungasha. Mzee akaniuliza, "Utakwenda wapi nawe? Kaa. Cherehani ya pili haina mtu." Nimekaa miaka tisa. Lakini nyumba ni yake, na wosia aliouandika zamani unawataja wanawe wawili tu. Aliyebaki hai, shemeji yangu, alishaniambia bila haya: siku baba akifumba macho, chumba changu kitaingia mpangaji. Aliyasema hayo huku anakunywa chai niliyompikia mimi! Nilitamani kummwagia. Mzee sikumwambia. Ningeanzaje? "Baba, ukifa nitalala wapi?" Mdomo haufunguki.

Juzi duka la jirani liliungua kwa sababu ya pasi iliyosahauliwa kwenye umeme. Mzee akashtuka, akamwita wakala wa bima aje kuipitia upya bima ya nyumba. Akaja asubuhi, mama mmoja mcheshi mwenye miwani.

"Nipe hati yako, mzee wangu."

Tulitafuta kabatini, chini ya godoro, hata kwenye kopo la vifungo. Wapi! Mama wa bima akainua macho ukutani, kwenye msumari ambapo mzee hutundika violezo vyake, zile karatasi anazozilaza juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata.

"Mzee, huo mkono wa shati mbona una mhuri wetu?"

Salaala! Bima ya nyumba ilikuwa imekatwa shati zima: mikono, mgongo na mfuko.

"Karatasi nzito ile," mzee akajitetea. "Siku hizi huipati."

"Baba!" nilimfokea. "Nyumba ikiungua utampelekea nani mkono wa shati?"

Mama wa bima alicheka mpaka akavua miwani. Tukavipanga vipande mezani, tukavibana kwa pini, akasoma. Hapo uso ukambadilika. Bima ile ilikuwa ya nyumba ya kulala tu. Chumba cha mbele, chenye cherehani nne na pasi mbili za moto kutwa, hakikutajwa popote. Pasi yetu ingeanzisha moto, tusingepata kitu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akaanza kuandika upya, chumba kwa chumba. Alipomaliza akauliza, "Na wosia, mzee, unao? Mambo haya mawili ni vizuri kuyatazama pamoja."

Nikajitia kuokota pini sakafuni.

Mzee alirudi kwenye msumari, akachomoa kola ndogo ya sare ya mtoto. Niliuona mwandiko wake, na nusu ya jina la mume wangu.

"Wosia wenyewe huu."

"Na huu pia ulisahau ukaukata?" mama wa bima akauliza.

"Bima ndiyo nilisahau. Huu niliukata makusudi, siku mwanangu alipomtolea huyu maneno ya chumba. Mimi ni mzee, si kiziwi." Akaketi. "Mwanangu simnyimi haki yake. Lakini huyu ndiye anayenipikia, ananiuguza, ananitungia uzi kwenye sindano macho yakikataa. Chumba chake hakiguswi, na cherehani ni zake. Kesho naenda kwa wakili."

Akavuta kipande cha karatasi, akaramba ncha ya kalamu kama anavyofanya akichukua vipimo vya mteja.

"Mwanangu, jina lako kamili la kwenye kitambulisho nani? Miaka tisa nakuita mwanangu, lile jingine silijui."

Nililitaja, lakini kilio kililimeza.

"Rudia polepole," akasema, "hili nisije nikalikosea."