Asubuhi Zilizofutwa

Kazini walimwita Sikio, maana kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa moja tu: kuisikiliza ardhi. Kipimio cha matetemeko kilikuwa katika chumba cha chini cha ofisi ya hali ya hewa, na kila jioni kompyuta ilituma takwimu zake kituo kikuu. Huko nchi za bara zima zilichangia zao, ipatikane ramani moja ya hatari.

Kero yake ilikuwa mashine ya kusaga nafaka, ukuta kwa ukuta na ofisi. Ikiwashwa saa mbili asubuhi, mistari ya kipimio ilichachamaa mpaka saa sita. Akaona isiwe taabu, akaiamuru kompyuta izifute saa hizo kila siku katika takwimu zinazotumwa. Baadaye mwenye mashine akahama, hata banda likabomolewa, na Sikio akaisahau amri yake. Miaka minne! Jamani, mtu mzima na akili zake.

Jumanne moja bibie wa kituo kikuu akapiga simu.

"Shikamoo, baba. Samahani, mbona kwenu ardhi haitikisiki asubuhi hata siku moja? Majirani zenu wanatikisika saa zote."

Hapo akaikumbuka amri yake. Alifungua kumbukumbu za kipimio chenyewe, ambazo hazijaguswa, akahesabu matetemeko madogo sitini na moja, yote chini ya mji wao, uliopakwa kijani, rangi ya usalama, kwenye ramani. Na ramani hiyo ndiyo aliyompelekea mdogo wake, fundi mwashi, alipoanza kujenga ghorofa lake. "Nondo nyembamba zinatosha," alimwambia kwa kinywa chake.

Akatoka mbio. Alimkuta fundi juu ya ngazi, anapaka rangi sebuleni.

"Hamisha watoto leo hii. Nilikosea, hapa si salama."

Fundi akacheka mpaka ngazi ikayumba. "Leo Sikio limeziba! Haya, kaka, nimekusikia. Jumamosi tunahama, niongeze nguzo. Sasa niache nimalize ukuta wangu."

Sikio alitamani kumburuta kwa nguvu, ila aliona haya mbele ya vibarua. Alirudi ofisini akaandika barua ya kukiri kosa, akaichana, akaandika nyingine, nayo akaichana. Angemwambiaje mkuu wake?

Alhamisi saa tatu asubuhi ardhi ilitikisika. Watoto walikuwa shuleni, mama yao sokoni. Fundi alitolewa chini ya zege alasiri, na Sikio ndiye aliyemfumba macho.

Kesho yake, wakitoka kuzika, simu ikaita.

"Pole sana, baba, nimesikia," alisema bibie. "Ila stesheni zote zimeandika tetemeko la jana, yako tu asubuhi ni tupu. Kipimio kiliharibika?"

Sikio akakaa chini palepale, kwenye udongo. Amri ilikuwa bado haijaondolewa.

"Hakikuharibika, mwanangu," alisema. "Ni mimi niliyeifuta asubuhi hiyo."